Kichanga nyumbani: maswali ninayoulizwa kila siku kliniki

Nina miaka 13 kwenye meza ya kupimia watoto uzito, hapa Dar es Salaam. Maswali yanayoletwa mezani pale huwa hayaji peke yake. Nyuma ya kila moja kuna mama mkwe, jirani au video ya kwenye simu, na ameshajibu kabla yangu. Nimeyaandika yale yanayorudi wiki baada ya wiki, na majibu ninayoyatoa. Ni kwa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia na uzito wake unatosha. Mwenye mtoto njiti afuate maelekezo ya wodi iliyomtoa, kwani njiti ana kanuni zake.

Leo siku ya pili, maziwa hayatoki na mtoto analia. Nimpe ya kopo?

Yanatoka, ila siyo kwa wingi unaoutegemea. Siku mbili tatu za mwanzo titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya njano, na hutoka vijiko vichache tu kwa sababu tumbo la kichanga nalo ni dogo. Wapo wanaoamuru dang'a ikamuliwe imwagwe, eti ni chafu. Usimwage hata tone, ndiyo iliyobeba kinga yake ya kwanza. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya tano, na kinachoyaita ni mtoto kunyonya, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ukimpa kopo atashiba, hatanyonya, na titi litatengeneza kidogo zaidi. Ukifika wiki ya tatu, kweli utakuwa huna maziwa, na aliyekushauri kopo atasema si nilikwambia.

Kabla ya kulilaumu titi, tazama mtoto anavyolishika. Alikuja mama mmoja wa uzazi wa kwanza, chuchu zimechanika mpaka damu, mtoto wa siku sita kapungua kuliko inavyotakiwa. Nikamkalisha, mgongo ukutani, miguu juu ya kigoda. Mtoto alikuwa amelala chali mapajani, shingo imegeuzwa upande kama mtu anayechungulia dirishani. Wewe jaribu kunywa maji shingo imepinda namna hiyo. Tukamgeuza tumbo kwa tumbo na mama yake, pua ikaelekea chuchu, tukasubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo mama akamvuta kwake. Kidevu kikagusa titi, mdomo wa chini ukabinuka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu ukawa unaonekana zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Baada ya dakika moja tukaanza kusikia anameza. "Mbona haiumi?" mama akauliza, na machozi yakamtoka.

Nitajuaje kama anashiba?

Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na choo kilichoanza cheusi kama lami kinakuwa kimeshageuka njano. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ilimradi isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na afikapo wiki mbili awe ameurudisha. Ukubwa wa matiti hauna uhusiano na wingi wa maziwa. Kilio peke yake nacho siyo kipimo, maana mtoto hulia pia kwa joto, kwa nepi mbichi, kwa usingizi, na mara nyingine kwa kutaka tu kubebwa.

Na joto hili la Dar, asinywe maji kweli mpaka miezi 6?

Asinywe. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Siku ya jua kali atataka titi mara nyingi zaidi, basi mpe, na wewe mwenyewe unywe maji. Maji ya kikombe yanamjaza tumbo bila kumpa chakula, na yasipokuwa salama yanamletea kuhara.

Mama mkwe kaleta dawa ya mchango. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linalovunja nyumba, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mtoto anayeambiwa ana mchango kwa kawaida ni huyu: ana wiki tatu hadi nane, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, lakini ikifika magharibi anaanza kulia, anakunja miguu, uso unaiva, na huwezi kumbembeleza. Kilio cha watoto wachanga duniani kote hupanda kuanzia wiki ya pili, kinafika kilele kama wiki ya sita, halafu kinashuka mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Dawa huwa inaletwa kwenye kilele. Kinachofuata hapo ni kushuka, mtoto apewe asipewe, na sifa zote zinakwenda kwa dawa.

Shida ya mizizi ile iliyochemshwa ni kwamba hakuna anayejua kipimo, figo na ini la kichanga bado havijakomaa, na chupa ya dawa imekaa wiki nzima bila friji. Hata maji ya gripu ya dukani siyashauri. Asali ndiyo kabisa, asilambishwe mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto mdogo na kumlegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Lakini sikutumi ukagombane na mama mkwe. Mpokee kwa mikono miwili, mshukuru, weka chupa kabatini, halafu useme: "Mama, nesi amesema kabla ya miezi sita asipewe kitu kingine, tumsubiri akue kidogo." Mimi nimezoea kubeba lawama za namna hiyo. Kisha mpe mama mkwe mtoto ambebe kwa kanga, kwa sababu kubebwa kifuani au mgongoni huwatuliza wengi, na mikono ya bibi ni dawa ambayo sina ugomvi nayo. Kila baada ya kunyonya mcheulishe begani. Ukifika mahali umechoka mpaka unahisi hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, vuta pumzi. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaweza kuvuja damu kwa mtikiso wa sekunde chache tu.

Kilio kikiambatana na homa, kutapika kijani, tumbo gumu lililovimba, damu kwenye choo au kugoma kunyonya, huo siyo mchango. Njoo hospitali.

Kitovu nikipake nini?

Hospitali ikikupa dawa ya klorheksidini, ipake kama ulivyoelekezwa. Kama hukupewa, usipake kitu. Siyo majivu, siyo mate, siyo dawa ya meno, siyo mavi ya ng'ombe. Kidonda cha kitovu ni mlango ulio wazi, na pepopunda ya watoto wachanga hupitia humo humo. Nawa mikono kabla ya kukigusa, kunja nepi ipite chini yake ili mkojo usikilowanishe, kiache kipate hewa. Kitadondoka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15.

Ndiyo, najua. Wanasema kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume, ujana wake umekwisha. Nimeona wanaume watu wazima wakikesha kulinda kitovu. Hakina uwezo huo. Kinachonitisha mimi ni wekundu unaosambaa kwenye ngozi ya tumbo, usaha na harufu. Hivyo ni vya kuletwa siku hiyo hiyo.

Aogeshwe lini, na apakwe nini?

Saa 24 za kwanza asiogeshwe, apanguswe tu. Mwili wake haujajua kutunza joto, na hata Dar mtoto hupoa. Ule utando mweupe aliozaliwa nao ni mafuta yake, usiusugue. Baada ya hapo mara moja kwa siku inatosha, hata siku moja kupita siyo kosa. Kwenye beseni tangulia kumimina maji ya baridi, ya moto yafuate, upime kwa kiwiko chako, siyo kwa vidole vilivyozoea sufuria. Mafuta ya kupaka yasiwe na manukato. Poda achana nayo, vumbi lake linaingia mapafuni. Wanja pia, kwani aina nyingi zina madini ya risasi. Pua haihitaji kuvutwa ili isimame, wala kichwa hakihitaji kukandwa kiwe cha mviringo, kitajiweka sawa chenyewe.

Nguo zilizoanikwa nje zipige pasi mpaka kwenye mishono. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Kila msimu wa mvua huletewa mtoto mwenye "majipu" mgongoni, na ukilitazama jipu kwa makini unaliona linapumua.

Alale vipi? Nikimlaza chali si atapaliwa na maziwa?

Alale chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi yanabaki chini. Akilala kifudifudi mambo yanageuka. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vile vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Godoro liwe gumu, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Kofia ya sufi ndani ya nyumba ya bati mwezi wa Februari ni mateso. Mguse shingo kwa nyuma, ikiwa imelowa jasho mpunguzie nguo. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisimwangukie usoni.

Ushauri rasmi ni alale chumba chenu lakini sehemu yake. Ninajua nyumba nyingi zina kitanda kimoja, na mama huyo huyo anaamka mara nne kunyonyesha. Kama ndivyo ilivyo, basi alale upande wa mama, siyo katikati, mbali na mto na shuka zito. Siku ambayo mmoja wenu amekunywa pombe au dawa ya usingizi, au ni mvutaji sigara, mtoto asilale nanyi. Usisinzie naye kwenye kochi, pale ndipo pabaya kuliko kitandani.

Amekuwa wa njano. Nimuanike juani?

Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto amelegea na hanyonyi vizuri, kimbia hospitali, hata kama ni usiku. Yakizidi yanaharibu ubongo, na tiba yake ni taa maalumu ya bluu, siyo jua la saa mbili. Manjano mepesi ya usoni siku ya tatu kwa mtoto anayenyonya na kukojoa mara nyingi huisha yenyewe, lakini aonwe na mtaalamu.

Utosi wake unadunda.

Kawaida. Ukibonyea ndani huku mdomo umekauka na mkojo umepungua, amepungukiwa maji. Ukivimba na mtoto ana homa, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Vyote viwili ni vya hospitali, siyo vya kupaka dawa utosini.

Anakohoa na kutapika. Jirani anasema akatwe kilimi.

Asikatwe. Kilimi hakisababishi kikohozi, na wembe ule umeua watoto kwa kuvuja damu. Ni hivyo hivyo kwa wanaong'oa "meno ya plastiki" kwenye fizi za mtoto mwenye homa na kuhara. Wanachong'oa ni vichipukizi vya meno yake halali.

Ni dalili zipi nisisubiri kuche?

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni hizi: hanyonyi au ameacha ghafla, amelegea, haamki vizuri, anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, anakoroma kila anapotoa pumzi, mwili una moto, au una baridi hata baada ya kumkumbatia kifuani, degedege, kitovu chekundu chenye usaha, manjano ya viganjani.

Kichanga anaweza kuwa na maambukizi ya damu bila kulia sana, na kimya chake ndicho kinachonitia wasiwasi. Njiani mbebe ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo yako, na umnyonyeshe kama anaweza. Usafiri ukikosekana, Tanzania kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure kwa dharura ya mjamzito, mzazi au kichanga.

Degedege nalo? Tunaambiwa akipigwa sindano anakufa.

Maneno haya yamechelewesha watoto wengi. Degedege ni mtoto kukakamaa au kutetemeka kwa sababu ya homa kali, malaria, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka na mengine. Halitokani na ndege, wala mtoto haoshwi kwa mkojo wala kufukizwa moshi. Mlaze ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumgonga, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mpeleke. Wanaosema amekufa kwa sindano walimfikisha saa kumi baada ya kuanza.

Mtoto hakui, wanasema tumembemenda.

Mume na mke huwa wanakaa mezani kwangu bila kutazamana, kila mmoja anamshuku mwenziwe. Nitasema wazi: maziwa hayaharibiki kwa baba na mama kukutana, na mtoto hadhoofiki kwa sababu mmoja alitoka nje. Ninapompima huyo "aliyebemendwa" ninakuta chakula hakitoshi, au kuhara kusikoisha, au kifua kikuu, au VVU, au mama amebeba mimba nyingine mapema na titi likakatizwa. Zote zinatibika au zinarekebishika, mradi familia isimalize miezi mitatu ikitafuta mwenye hatia. Uzazi wa mpango unaweza kuanza wiki sita baada ya kujifungua, au hata kabla, na zipo njia zisizogusa maziwa. Ulizeni mkiwa wawili.

Nina VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo. Meza dawa zako kila siku, mpe mtoto dawa kinga uliyopewa, mnyonyeshe maziwa yako peke yake miezi 6, umlete apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Kinachoongeza hatari katika miezi hiyo ni kuchanganya titi na vyakula vingine, na kuruka dozi.

Chanjo zinakwendaje, na nikichelewa?

Akizaliwa anapata ya kifua kikuu na matone ya polio. Kisha anarudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Humo ndimo zinamopita za dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia, kuhara na polio. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Tangu miezi 6 anapata matone ya vitamini A kila nusu mwaka.

Ile ya kifua kikuu hupigwa juu ya mkono wa kulia hapa Tanzania, na wenzetu Kenya huipiga mkono wa kushoto. Wiki kadhaa baadaye hutokea kipele, kinatoa usaha kidogo, kinaacha kovu. Usikikamue wala kukifunga. Homa ya siku moja mbili baada ya sindano za paja ni ya kawaida, na dawa ya homa ipimwe kwa uzito wake, siyo kwa kukadiria kifuniko.

Ukichelewa, njoo. Hatuanzi upya, tunaendelea pale ulipoishia. Nina akina mama waliopitiliza wiki moja wakaogopa kufokewa, wakakaa miezi minne. Kama kuna aliyekufokea, pole. Nenda kwa mwingine, lakini nenda, na usiiache kadi.

Likizo inaisha, mtoto ana miezi mitatu. Maziwa nitayafanyaje?

Sheria ya ajira Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha. Ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wachache wanaijua. Iombe kwa maandishi.

Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi. Nawa mikono, kikombe kiwe kimechemshwa, weka kidole gumba juu ya ule weusi na vidole viwili chini, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia, zunguka titi lote. Mara ya kwanza utapata matone ya kukatisha tamaa, mara ya tano hutaamini. Nje ya friji yasizidi saa 4, na joto likizidi yawe pungufu ya hapo. Ndani ya friji hukaa siku 4. Yapashe kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya moto, yasichemshwe jikoni. Anyweshwe kwa kikombe kidogo badala ya chupa ya chuchu, ambayo ni kazi kuisafisha, na baadhi ya watoto wakishaizoea hugomea titi.

Mfundishe dada wa kazi kwa kumwonesha, siyo kwa kumwagiza. Na mlipe vizuri, huyo ndiye anayelea mwanao saa kumi kwa siku.

Uji wa lishe una nafaka ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Akifikisha miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa madini ya chuma. Unga wa vitu kumi na mbili umekuwa kama fahari, mahindi, ngano, mchele, ulezi, soya, karanga, mbegu za maboga, kila duka na mchanganyiko wake. Tumbo la miezi sita halihitaji orodha hiyo, na ikiwa mmojawapo unamletea shida hutaujua ni upi. Nafaka moja, jamii ya kunde au karanga kidogo, vinatosha kwa uji.

Muhimu zaidi ni uzito wake. Uji mwepesi kama maji ni kushibisha maji. Uchote kwa kijiko, ukiinamisha kijiko ubaki juu, usikimbie. Halafu ahamie kwenye chakula cha nyumbani kilichopondwa: viazi, ndizi, mchicha, dagaa waliosagwa, maini, kiini cha yai, tone la mafuta. Mara 2 hadi 3 kwa siku mpaka miezi 8, kisha mara 3 hadi 4, na titi liendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Chumvi na sukari hazihitaji.

Mahindi na karanga zitazame kabla ya kusaga. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa watoto hata kiasi kidogo cha kila siku kinahusishwa na kudumaa.

Kitu gani nyumbani kinakuumiza kichwa zaidi?

Ndoo. Mtoto anayejifunza kusimama hujishika ukingoni, kichwa kinamzidi uzito, anatumbukia, na maji ya kina cha kiganja yanatosha. Hakuna kelele. Ifunike au imwage. Baada ya ndoo ni sufuria ya chai chini sakafuni, jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua na madirisha kufungwa, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Karanga nzima, mahindi ya kukaanga, sarafu na betri ndogo za rimoti zikae mbali. Kitandani usimwache peke yake, wala usisubiri mpaka "atakapoanza kugeuka", siku ya kwanza ya kugeuka huwa haina taarifa.

Na bodaboda. Najua hakuna mbadala mara nyingi. Kama una nafasi ya kuchagua bajaji, chagua bajaji.

Wa mwenzangu ameshakaa, wangu bado. Nimnunulie kigari?

Usinunue. Kigari cha kutembelea hakiharakishi kutembea, kinampeleka kwenye ngazi na jikoni kwa kasi. Kanada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mtandikie mkeka.

Umri hupishana sana. Tabasamu la kukujibu huja kama wiki ya 6, shingo hukaza miezi 3 hadi 4, kukaa bila kuegemea wengi ni kati ya miezi 5 na 8, kutembea ni popote kati ya miezi 9 na 18. Nitakuomba umlete kama miezi 4 shingo bado inaanguka, miezi 9 hakai, mwaka na nusu hatembei, hashtuki kwa kelele, au alikuwa anaweza jambo akaliacha.

Kinachomkuza ubongo hakina bei. Ongea naye unapomvisha, kwa lugha yako ya nyumbani, Kizigua au Kiswahili, vyote anavimudu. Akisema "aguu" mjibu, subiri, atarudia. Punje za mahindi ndani ya chupa ndogo ya maji, kifuniko kikazwe kwa gundi, ni kayamba yake. Simu mpaka atimize mwaka haimfai, hata ile ya katuni zinazoimba.

Mtoto ana afya, lakini mimi ninalia tu.

Siku kumi za kwanza machozi huwapata wengi na huisha. Yakivuka wiki mbili, huli, hulali hata mtoto akilala, humtamani, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua na ina matibabu. Niambie hivyo hivyo ulivyosema hapa. Hatukunyang'anyi mtoto.

Mimi ni baba. Sijui nianzie wapi.

Sheria inakupa siku 3 za likizo ndani ya wiki ya kwanza, zichukue. Kunyonyesha tu ndiko huwezi. Kucheulisha, kubadilisha pampasi, kuogesha, kubeba ngozi kwa ngozi, kuzuia wageni saa nne usiku, vyote ni vyako. Na siku ya kliniki usibaki nje umeegemea pikipiki. Ingia, shika kadi, tazama ule mstari wa uzito umepanda au umelala, uniulize.